Ufuo usio na watu: tuwapeleke watoto Shela au tusiwapeleke?

Swali: “Mimi na mume wangu tunaishi Nairobi, na likizo ya Desemba tumepanga kuwapeleka watoto wetu wawili, wa miaka 11 na 6, kisiwani Lamu. Tunatamani kutembea ufuo wa Shela mpaka tufike mahali pasipo na mtu, tukae huko tangu asubuhi hadi jioni. Mimi na mtoto mkubwa tumejifunza kuogelea katika bwawa. Mume wangu hajui kabisa. Tumenunua maboya ya mikono na mashua ndogo ya mpira ya kujaza hewa. Shemeji yangu ametuonya kwamba mwezi ukiwa mpevu bahari huvuta watu. Mama mkwe anaogopa papa. Rafiki yangu aliyewahi kufika huko anasema hakuna shida, mradi tu tuogelee pale ambapo mawimbi hayavunjiki. Nimsikilize nani? Mtoto mkubwa anatumia dawa za kifafa, ingawa hajaanguka kwa zaidi ya mwaka mmoja.”

Jibu: Dada yangu, safari yenu ni njema na sioni sababu ya kuiahirisha. Kinachohitaji kubadilika ni tarehe, umbali mtakaokwenda, na baadhi ya vitu mlivyonunua. Nikiuelewa vizuri wasiwasi wako, huiogopi bahari kwa jumla. Unajiuliza mtafanya nini ikiwa mtoto atapata tatizo majini huku mkiwa peke yenu. Umeuliza jambo lenyewe hasa. Ufuo wenye watu na ufuo usio na watu huwa na maji yale yale, lakini kwenye ufuo wenye watu kuna macho mengine, mikono mingine na mara nyingi chombo cha kuelea kilicho karibu. Mtu aliyezama huharibika ubongo ndani ya dakika chache tu, na hakuna mashua wala daktari atakayewafikia kwa muda huo mkiwa kilomita kadhaa kutoka kijijini. Ndiyo maana kila nitakalosema hapa linahusu kuzuia tatizo lisitokee, na kidogo tu linahusu kuokoa.

Nianze na shemeji yako, kwa kuwa kati ya washauri wako watatu yeye ndiye aliye karibu zaidi na ukweli, ingawa sababu aliyoitoa si sahihi. Mwezi hauvuti watu. Huvuta bahari nzima, na jua nalo huivuta. Mwezi unapokuwa mpevu, na vilevile unapoandama, jua, mwezi na dunia huwa karibu katika mstari mmoja, nguvu hizo mbili hujumlika, na maji hupanda juu na kushuka chini kuliko kawaida. Hizo ndizo siku ambazo watu wa pwani huziita bamvua. Mwezi unapokuwa nusu, nguvu ya jua huipunguza ile ya mwezi, na maji hupanda na kushuka kidogo. Hayo ndiyo maji mafu. Katika pwani ya Kenya tofauti kati ya maji kupwa na maji kujaa siku za bamvua inaweza kuzidi mita 3, ambacho ni kimo kinachopita dari ya nyumba nyingi za kupanga hapa Nairobi. Siku za maji mafu tofauti hiyo huwa ndogo kwa nusu au zaidi ya nusu.

Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku, na kila siku nyakati hizo husogea mbele kwa karibu dakika 50. Kwa pwani yetu, siku za bamvua maji huwa yamepwa takriban saa nne asubuhi, kisha hujaa takriban saa kumi alasiri. Tazama maana yake kwa mpango wenu. Familia inayoondoka Shela baada ya kiamshakinywa hukuta ufuo mpana na mchanga mgumu unaotembeka bila taabu, nayo huenda mbali kuliko ilivyokusudia. Kisha maji huanza kurudi, lakini hayapandi kwa mwendo mmoja: saa ya kwanza hupanda kidogo kiasi kwamba mtu hudhani hayajaanza, na katika saa ya tatu na ya nne hupanda nusu ya kimo chote. Yaani kati ya saa sita na saa nane mchana, wakati mnakula na mtoto mdogo amelala kivulini, bahari inaweza kuongezeka kwa mita moja na nusu. Saa kumi mnapotaka kurudi, ule mchanga mgumu umefunikwa, na mmebaki na ukanda mwembamba wa mchanga laini chini ya vilima vya mchanga, ambao mtoto wa miaka 6 atauchoka mapema sana, kwenye jua, maji ya kunywa yakiwa yamekwisha.

Lipo jambo jingine ambalo mgeni halioni kwa urahisi. Ufuo hauko sawasawa. Una mafungu ya mchanga na mabonde kati yake. Maji yanapopanda hujaza mabonde kwanza, na bonde mara nyingi liko kati ya fungu mlilosimama na nchi kavu. Mtu anaweza kusimama juu ya fungu maji yakiwa kwenye vifundo vya miguu, akiokota kombe pamoja na watoto, ilhali nyuma yake maji yameshafika kifuani kwa mtoto. Kwa hiyo mkifika tu, chomekeni kijiti mchangani pale maji yanapoishia, mkitazame tena baada ya dakika 10. Mtajua kama bahari inakuja au inaondoka, na watoto wakubwa hupenda kupewa kazi hiyo.

Kuchagua siku si vigumu. Tazameni kalenda ya Kiislamu, ambayo hufuata mwezi mwandamo. Bamvua huja siku za mwanzo wa mwezi na tena mara baada ya tarehe 15. Maji mafu huja takriban tarehe 8 hadi 10, na tena 23 hadi 25. Ikiwa likizo yenu inaweza kusogezwa, isogezeni iangukie siku hizo za maji mafu. Zina faida mbili. Mikondo huwa dhaifu zaidi, na tena maji hujaa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, kisha hupungua polepole mchana kutwa, hivyo ufuo huzidi kupanuka kadiri saa ya kurudi inavyokaribia. Mkishafika Lamu, hakikisheni nyakati kamili kwa nahodha yeyote wa pale. Hilo ni jambo analolijua kila siku ya maisha yake kwa sababu bila hilo hawezi kutia chombo majini.

Faida hiyo ina gharama yake katika sehemu moja. Kati ya Shela na kisiwa cha Manda kuna mlango wa bahari, na maji mengi yaliyoingia nyuma ya kisiwa, katika mikono ya bahari na mikoko, hutokea hapo yanapopwa. Wakati huo mkondo huelekea bahari kuu. Mtoto anayechezea maji karibu na mlango huo wakati maji yanatoka yuko mahali pabaya kuliko anayechezea mawimbi madogo ufuoni, hata kama uso wa maji unaonekana laini kabisa. Msiogelee hapo maji yanapopwa, iwe bamvua au maji mafu.

Sasa rafiki yako. Najua anakutakia mema, lakini ushauri wake unaniogopesha kuliko mengine yote uliyoyaandika, kwa sababu amewaelekeza mahali hasa ambapo watu huzama. Sehemu kubwa ya ufuo wa Shela hutazama bahari kuu, bila mwamba wa matumbawe wa kuvunja mawimbi kwa mbali kama ule ulio mbele ya Nyali au Diani. Kila wimbi linalovunjika husukuma maji kuelekea nchi kavu, na maji hayo hayawezi kurundikana milele. Lazima yatafute njia ya kurudi. Hutafuta pale penye mchanga uliobonyea, hukusanyika hapo, huchimba mfereji, na kutoka kwa kasi kama mto mwembamba unaopita katikati ya mawimbi. Kwa kuwa mfereji huo ni wa kina, mawimbi hayavunjiki juu yake. Ukiwa umesimama ufuoni unaona povu jeupe kulia, povu jeupe kushoto, na katikati pametulia, maji yakiwa na rangi iliyokolea au yenye tope la mchanga. Mzazi kutoka bara hupaona ni pazuri kwa watoto. Mkondo huo wa kurudi unaweza kupita mita 2 kwa sekunde, kasi ambayo hata bingwa wa Olimpiki hawezi kuidumisha kwa mita 200.

Kabla ya yeyote kuingia majini, kaeni juu ya kilima cha mchanga kwa robo saa mkiyatazama mawimbi. Tafuteni mahali ambapo povu linarudi baharini badala ya kuja, na mkipaona pahameni. Ikiwa mmoja wenu atachukuliwa licha ya tahadhari zote, ajue kwamba mkondo huo haumzamishi mtu kwa kumvuta chini. Humpeleka mbele, na kinachomuua ni kuchoka kwa kupigana nao akitaka kurudi moja kwa moja alikotoka. Alale chali, aelee, anyanyue mkono. Mkondo hupungua nguvu baada ya kupita eneo la mawimbi. Akiwa na nguvu, aogelee sambamba na ufuo hadi atoke kwenye mkondo, kisha arudi pamoja na mawimbi. Maneno haya ni rahisi kuyasoma ukiwa Nairobi na ni magumu kuyakumbuka ukiwa na maji mdomoni, kwa hiyo fanyeni mazoezi kabla ya safari: wewe na mtoto mkubwa mkae mkielea chali bwawani kwa dakika 5, bila kugusa ukingo wala sakafu, mkiwa mmevaa fulana na kaptura, mwalimu akiwa kando. Anayeshindwa bwawani asiingie baharini kupita magotini. Bwawa halina wimbi, na ukingo wake daima uko karibu. Kujua kuogelea humo ni mwanzo mzuri tu.

Hofu ya mama mkwe naweza kuijibu kwa ufupi. Papa kumshambulia mwogeleaji katika pwani yetu ni jambo la nadra mno. Wanaodhuru watu mara kwa mara ni wadogo zaidi: taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani, anayelala chini ya mchanga penye maji mafupi, konyeza, na wale viumbe wa miambani wenye miiba mirefu myeusi. Kwa taa, buruteni nyayo mnapotembea majini badala ya kunyanyua miguu, naye atawasikia na kuondoka. Akishamchoma mtu kwa mwiba wa mkia, tumbukizeni mguu katika maji ya moto yanayovumilika, yasiyozidi nyuzi 45, na mtu mzima ayapime kwanza kwa mkono wake, kwa muda wa nusu saa hadi saa moja na nusu, kwani joto hupunguza maumivu ya sumu hiyo kwa kiasi kikubwa. Kisha mwende hospitali jeraha lisafishwe, hata kama maumivu yameisha. Ikiwa mwiba umeingia kifuani, tumboni au shingoni, msiuchomoe. Chupa moja ya chai iliyojaa maji ya moto bila majani ingefaa sana kuwamo katika kikapu chenu.

Mashua ya mpira iacheni Nairobi. Desemba ni majira ya kaskazi, na upepo huo huvuma kwa kiasi kikubwa sambamba na ufuo wa Shela. Chombo chepesi kilichojaa hewa hakikai mahali kilipowekwa, na mzazi anayekifukuza mara nyingi ndiye anayezama, ilhali mtoto ameketi juu yake salama. Maboya ya mikono nayo ni vitu vya kuchezea. Hushika mikono tu, huchomoka ikilowa, wala hayauweki uso wa mtoto juu ya maji. Nunueni au kodini jaketi la kujiokolea la kimo na uzito wa kila mtoto, lenye mkanda unaopita katikati ya miguu. Ulijaribu hivi: mvishe, funga mikanda yote, kisha mnyanyue kwa kushika mabega ya jaketi. Likipanda hadi masikioni, ni kubwa, na majini litamtoka.

Mume wako asiyejua kuogelea ana kazi ambayo naiona ni kubwa kuliko zote. Yeye ndiye mlinzi. Akae ukingoni, simu ikiwa mfukoni, akiwatazama watoto bila kukatiza, kwa sababu mtoto anayezama hapigi kelele wala hapungi mikono kama watu wanavyodhani. Mdomo wake hushuka chini ya maji na kuibuka, mikono husukuma maji kando, macho humtoka, na baada ya muda usiofika hata dakika moja huwa ametoweka. Pembeni mwa mume wako pawe na dumu tupu la lita 20 lililofungwa kifuniko sawasawa, nalo lifungwe kamba ya mita 15 au 20 kwenye mshikio. Dumu hilo huweza kumwelesha mtu mzima. Mtu akipata taabu, yeye hurusha dumu na kuvuta kamba. Haingii majini, hata moyo ukimsukuma vipi. Akiingia, mtakuwa na watu wawili wa kuokolewa na hakuna aliyebaki nchi kavu.

Ikiwa mtu ametolewa majini hana fahamu na hapumui, kuna desturi mbaya ambayo naisikia hata hapa Nairobi, ya kumning'iniza miguu juu au kumkandamiza tumbo ili atapike maji. Msifanye hivyo. Muda hupotea, na matapishi huingia mapafuni. Kinachohitajika ni hewa. Mlazeni chali, inueni kidevu, zibeni pua, mpulizieni pumzi 5 mdomoni mkiona kifua kinapanda. Kisha bonyezeni katikati ya kifua mara 30, kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika, mfuatishe pumzi 2, na kuendelea bila kukoma huku mwingine akipiga 999 au 112. Kusoma haya hakutoshi. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya na St John Ambulance hutoa mafunzo ya huduma ya kwanza hapa Nairobi, na ningependa wewe na mume wako mhudhurie kabla ya kufunga mizigo. Na yeyote aliyemeza maji hadi akakohoa sana, hata akiwa amesimama na kucheka baadaye, apelekwe hospitali ya King Fahd iliyo mjini Lamu akaangaliwe, kwani mapafu yanaweza kuharibika polepole katika saa zinazofuata.

Je, mwende mbali au mkae karibu? Kwa maoni yangu, mtenganishe kutembea na kuogelea. Upweke wa ufuo ule ni mzuri kwelikweli, na watoto wa Nairobi wanastahili kuona mahali ambapo nyayo zilizoko mchangani ni zao peke yao. Nendeni basi, siku ya maji mafu, asubuhi na mapema, mkifuatana na mtu wa Shela mtakayetafutiwa na wenyeji wenu, anayeijua bahari na anayefahamika kijijini. Mwenzi wa namna hiyo huwafaa pia kwa usalama wa mali zenu, kwa kuwa mahali pasipo na watu hapana msaada wa aina yoyote. Bebeni maji mengi ya kunywa na kitu cha kufanyia kivuli, maana vilima vile havina miti ya kujikinga. Mrudi kabla ya jua la saa sita. Kuogelea mkufanyie karibu na kijiji, mbali na mlango, mahali ambapo watu wanawaona. Ungekuwa na watoto wakubwa wanaojua bahari, ningesema vingine. Kwa mtoto wa miaka 6, baba asiyejua kuogelea na mtoto mwenye kifafa, sitasema vingine.

Na hicho kifafa umekiweka mwishoni mwa barua yako kana kwamba ni jambo dogo, ilhali ndicho nilichokisoma mara mbili. Mtu mwenye kifafa ana hatari kubwa zaidi ya kuzama kuliko mwingine wa umri wake, kwa sababu degedege la sekunde chache, ambalo nyumbani lingepita bila madhara, majini humfanya avute maji akiwa hana fahamu. Mwaka mmoja bila kuanguka ni habari njema, na haimaanishi anyimwe bahari. Inamaanisha avae jaketi kila anapoingia majini, hata yakiwa ya kiunoni, na wewe uwe umbali wa kumshika kwa mkono, ukimhudumia yeye peke yake. Mtoto mdogo atangoja zamu yake, akiwa nchi kavu na baba yake. Dawa zisikosekane hata dozi moja, na nusu yake zisafiri katika mkoba mwingine, iwapo mzigo utapotea. Usingizi nao ni muhimu, kwa sababu kukesha ni miongoni mwa mambo yanayoamsha degedege, na katika safari za likizo watu hukesha.

Mwone daktari wake ana kwa ana wiki kadhaa kabla ya kuondoka, wala usitegemee jibu langu wala la mtu mwingine aliyeko mbali. Mweleze wazi kwamba mnakwenda pwani na kwamba atakuwa majini. Mwulize pia kuhusu malaria. Nairobi iko juu sana na maambukizi yake ni machache, hivyo watoto waliokulia hapa hawana kinga ya kutosha wanapoteremka pwani, na kwa mwanao uchaguzi wa dawa ya kuzuia unahitaji uangalifu: baadhi yake, meflokwini ikiwemo, hazimfai mwenye kifafa, na nyingine hupatana vibaya na dawa anazotumia. Kisha, mkisharudi nyumbani, mtoto yeyote kati ya hao wawili akipata homa katika wiki za mwanzo, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo, useme mlikuwa Lamu, na uombe apimwe.